Mia Mbili na Ishirini

Jumatatu jioni binti yangu Persis aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa miezi minane mizima.

"Tata, mbona moshi wenu haujawahi kupita mia mbili na thelathini?"

Nilikuwa namenya ndizi za chakula cha usiku. Kisu kikasimama.

"Moshi gani?"

"Wa kiwanda, tata. Wa boila yenu. Nimeangalia kurasa mia tatu na zaidi. Mvua inyeshe, jua liwake, kuni ziwe mbichi, joto la moshi ni mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na tano, mia mbili na ishirini, mia mbili ishirini na tano. Mwaka na nusu! Dokta Ruqiya ameweka alama ya kuuliza pale kando, kwa kalamu nyekundu."

"Labda ni boila nzuri," nikasema.

Akacheka. "Boila yenu? Ile inayokohoa kama mzee wa ugoro?"

Akarudi kwa makaratasi yake. Mimi sikurudi kwa ndizi. Ijumaa hiyo alikuwa anaenda kutetea mradi wake wa mwisho mbele ya jopo la chuo, Kisii mjini, na akipita ni injinia, asipopita ni miaka mitano imesimama njiani. Na mradi wote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa sabini na mbili, ulisimama juu ya namba ile. Namba ile niliiandika mimi. Na haikuwa ya kweli.

Wacha nieleze, maana asiyeijua kazi yetu hawezi kuelewa.

Mimi natia kuni kwenye boila ya kiwanda cha majani chai, juu ya Magwagwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Boila ni sufuria kubwa ya chuma iliyofunikwa. Kuni chini, maji juu, mvuke unakwenda kukausha majani. Moshi unatoka kwa bomba kubwa la nyuma. Kila saa sisi watu wa boila tunajaza mstari mmoja kwenye rejista: nguvu ya mvuke, kiasi cha maji, na joto la moshi pale shingoni mwa bomba. Shingoni pana geji, uso wake kama wa saa ya ukutani. Ile geji ilikufa miaka mitatu iliyopita. Mshale ukasimama kwa mia mbili na ishirini, haukusonga tena.

Tulisema. Nataka hilo lijulikane. Tulimwambia injinia aliyekuwapo, akasema ataagiza. Akahamishwa. Akaja Duncan Angwenyi, kijana wa suti na buti safi, tukamwambia naye, akasema ataagiza. "Kwa sasa andikeni mnachoona." Tulichoona ni mia mbili na ishirini, tukaandika hiyo, saa kwa saa. Halafu siku moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu, akafungua rejista, akauliza kama boila inaendeshwa na maiti. Angwenyi aliaibika. Mkaguzi alipoondoka, Angwenyi akashuka kwetu na rejista mkononi.

"Namba zenu zimekufa! Zifanyeni ziwe hai, mnanielewa?"

Hakusema tudanganye. Wakubwa hawasemi hivyo. Wanakwambia wanachotaka kuona, kisha wanapanda ngazi kurudi ofisini.

Haron, mwenzangu wa shifti, mtu wa Marani, mcheshi sana, aniitaye omogaka, yaani mzee, ndiye aliyepata njia. Saa zisizogawanyika kwa mbili, andika mia mbili na ishirini. Zinazogawanyika, kumi na tano. Kukinyesha, shuka mpaka mia mbili na kumi. Siku ya soko, panda ishirini na tano.

"Siku ya soko kwa nini?" nilimuuliza.

"Siku ya soko kila mtu amechangamka, omogaka. Hata boila."

Tukacheka. Tukaziandika namba zikicheza hivyo mwaka na nusu, na mkaguzi aliporudi akasema sasa hii ndiyo kazi.

Sasa mwaka jana chuo cha Persis kikaja na mpango mpya. Zamani, mwanafunzi wa uinjinia akienda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, alitumwa kununua chapati na kufagia stoo, kitabu chake kinapigwa muhuri, basi. Akirudi chuoni anachora mradi wa kubuni tu, unapata alama, unafungiwa kabatini, panya wanausoma. Dokta Ruqiya, mwalimu wake, mtoto wa wale wenye duka la vitambaa pale Kisii mjini, akasema imetosha. Alikuja mpaka kiwandani na kilemba chake cha buluu na kofia ya kiwanda juu ya kilemba, akasimama mbele ya boila yetu akasema: "Mwanafunzi akikaa hapa majuma kumi na mbili, atafute shida moja ya hapa. Shida hiyohiyo ndiyo atakayoitengenezea dawa mwaka wa mwisho. Na injinia wa kiwanda atakaa kwenye jopo. Tuache kuchora vitu vya hewani."

Mimi siamini watu wenye vyeo, lakini yule mama nilimpenda siku hiyo.

Shida Persis hakuitafuta mbali. Alikuwa ameisikia mezani kwetu tangu yuko shule ya msingi: kuni mbichi. Miaka kumi na moja nimepiga kelele kwamba wanatuletea mikaratusi iliyokatwa jana, inalia maji kwenye moto, inakula lori mbili mahali pa moja. Kelele zangu hazikwenda popote. Yeye akazichukua akazifanya mchoro: banda la kukaushia kuni, lenye mabomba ya chuma chini ya sakafu, na moshi wa boila unapitishwa humo kabla ya kutoka nje. Joto ambalo lingepotea hewani likaushe kuni. Angwenyi alipouona mchoro aliupeleka kwa wakurugenzi kama mtu anayepeleka mtoto wake kubatizwa. Wakakubali. Banda lijengwe Agosti, jopo likishapitisha.

Na ili kujua joto liko kiasi gani, Persis alishuka boila siku nne na simu yake, akapiga picha rejista, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilimshikia kurasa zisipeperuke.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema pale pale. Nilijiambia namba ni namba, tofauti ya kidogo haina neno. Lakini Oktoba, mvua ilipokuwa nyingi, niliegemeza gunia langu la kujifunika mvua kwenye shingo ya bomba ili likauke. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi gunia lilikuwa limekuwa jeusi upande mmoja, linafuka. Mia mbili na ishirini haiunguzi gunia kwa muda wa kikombe kimoja. Nilijua tangu siku ile kwamba moshi wetu una moto kuliko tunavyoandika, tena sana. Na sababu yake niliijua: mirija ya ndani ya boila inatakiwa kupigwa brashi kila mwezi, masizi yatoke, na wao wakakataa kusimamisha kazi msimu wa majani mengi. Masizi yakiziba, joto haliingii kwenye maji, linatoka na moshi. Sasa wewe chukua moshi huo uupitishe chini ya banda lililojaa kuni kavu, na akina mama wako ndani wanapanga.

Jumanne asubuhi nilipanda ngazi kwenda ofisini kwa Angwenyi. Nilivua kofia. Mpaka leo najilaumu kwa kuivua.

"Injinia, ni ile geji ya bomba."

"Geji gani tena, mzee Nyamongo?"

"Iliyokufa. Persis ametumia zile namba. Mimi naona banda litashika moto."

Akaweka simu chini. Akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku yoyote nikiwa ndani.

"Wewe ni injinia?"

"Mimi natia kuni."

"Basi tia kuni. Unajua wakurugenzi wameshaandika barua? Unataka Ijumaa niketi pale niwaambie rejista ya miezi kumi na minane ni hadithi?"

"Tungepima upya tu, bosi. Hata siku moja."

"Mzee, nisikilize." Sauti yake ikawa laini, na mimi ulaini wa mtu mkubwa huniogopesha kuliko kelele. "Sahihi yangu haiko kwenye hiyo rejista. Mwandiko ni wako na Haron. Likifumuka, linawafumukia nyinyi. Na msichana wako atakuwa wa kwanza kuanguka. Mwache apite. Mambo ya banda tutayarekebisha wakati wa kujenga."

"Tutayarekebisha vipi, kama hatujui joto?"

"Umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

Nilivaa kofia nikashuka.

Haron alikuwa anasukuma gogo. Nilipomwambia, alijipangusa jasho akafikiri kidogo.

"Omogaka, nyamaza. Mtoto achukue digrii yake kwanza. Banda likiungua tutalizima, si tuko na maji?"

"Na wewe ndiye utakuwa ndani."

"Mimi nakimbia."

"Na goti hilo?"

Akaliangalia goti lake kama amelisahau. Hakucheka tena siku hiyo.

Usiku ule sikula. Persis alifikiri ni tumbo, akanichemshia maji ya tangawizi, akaketi kunisomea hotuba yake ya Ijumaa, akinitaka nimsikilize kama jopo. "Mheshimiwa mwenyekiti, mradi huu umetokana na takwimu halisi za kiwanda." Aliposema halisi alinyoosha kidole juu. Mkono wa mama yake kabisa.

Mama yake, Bathsheba, alifia hospitalini, miaka minne sasa. Hospitali sitaitaja, haitanirudishia kitu. Miguuni pa kitanda chake palining'inia karatasi ya kuandikia joto na presha, kila baada ya saa nne mstari mmoja. Siku ya mwisho niliketi kando yake kutoka asubuhi mpaka saa kumi za jioni. Hakuna mkono wa muuguzi uliomgusa. Lakini mistari iliongezeka, wanapita tu, wanaandika, wanaondoka. Thelathini na saba. Thelathini na saba. Thelathini na saba na nusu. Ngozi yake ilikuwa inaniunguza kiganja. Nilimwita nesi, akaja, akasoma karatasi, hakumsoma mgonjwa. "Mzee, joto yake iko sawa." Nimewalaani watu wale na wakubwa wao miaka minne, asubuhi na jioni. Nimewalaani nikiwa kazini, kalamu mkononi, naandika mia mbili na kumi na tano.

Jumatano sikungoja jioni. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafua blauzi yake nyeupe ya kuvaa siku ya jopo.

"Persis, zile namba si za kweli."

"Namba gani?"

"Za moshi. Geji imekufa zamani. Tulikuwa tunaandika tu. Mimi na Haron."

Aliendelea kufua. Alisugua kola mara nne, tano, kisha akaiacha blauzi izame.

"Tunaandika tu, maana yake nini?"

Nikamweleza yote, saa zinazogawanyika na zisizogawanyika, mvua, siku ya soko. Nilipofika kwa siku ya soko uso wake ulikunjamana, sikujua kama ni kicheko au kilio. Nikamweleza gunia. Nikamweleza Angwenyi na ule mlango aliofunga.

"Nilipiga picha siku nne," akasema.

"Najua."

"Ulinishikia kurasa, tata."

"Najua."

"Ulinishikia kurasa! Nikakwambia hii itakuwa sura ya tatu, ukasema vizuri. Ukasema vizuri, tata! Nilichora yale mabomba hatua moja tu chini ya kuni, kwa sababu ya namba yako. Ungengoja nini? Ungengoja mama Kerubo aungue?"

Mama Kerubo ni jirani yetu, ndiye msimamizi wa akina mama wanaopanga kuni.

"Wao ndio waliokataa kuleta geji," nikasema.

"Wao hawakunishikia kurasa."

Nikaitoa blauzi majini, nikaikamua.

Alikaa juu ya jiwe la kufulia muda mrefu. Akachukua simu, akaiweka chini, akaichukua tena. Mikono yake ilikuwa na povu. Akampigia Dokta Ruqiya na kuiweka sauti nje, nadhani alitaka nisikie adhabu yangu. Alimweleza kwa sentensi chache. Upande wa pili nikasikia mtu akibishania bei ya khanga. Alikuwa dukani kwao.

"Aliyeandika yuko hapo?" Dokta akauliza.

"Yuko. Ni baba yangu."

"Mzee Nyamongo, unanisikia? Hilo bomba, ukikadiria wewe, ni ngapi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miaka kumi na tisa.

"Mia tatu," nikasema. "Wakati mwingine inapita."

"Yaa Rabi." Akavuta pumzi. "Persis, sikupi moyo, nakupa kifaa. Maabara kuna waya wa kupimia joto, uje uuchukue leo kabla ya saa kumi na moja. Kesho upime mchana kutwa. Ijumaa unakuja na ulichopata, hata kama kimekuua. Na mzee aje."

"Mimi, Dokta? Mimi niliishia darasa la sita."

"Sijakuuliza darasa."

Alhamisi tulipima. Angwenyi alikuwa ameenda mkutano Kenyenya, na Haron akasema Mungu naye ana ratiba yake. Persis alipanda ngazi ya chuma kwa ovaroli yangu ya zamani, akafungua ile geji mfu, ikatoka na kutu, akaingiza waya kwenye tundu lake. Waya ulishuka mpaka kwenye kisanduku kidogo kinachoonyesha namba. Mimi nilikuwa chini na kalamu.

"Saa mbili," akaita. "Mia mbili themanini na tano!"

Niliandika.

"Saa tatu. Mia tatu na kumi!"

Haron alipotia kuni mbichi namba ilianguka mpaka mia moja na tisini, tukatazamana, nikaomba moyoni ibaki hapo, ibaki hapo tu, mtoto apone. Halafu maji ya kuni yakaisha, moto ukashika, ikaanza kupanda. Mia mbili na hamsini. Mia tatu. Mia tatu na arobaini. Persis aliacha kuita, akawa anashuka ngazi polepole huku anaangalia kisanduku. Saa saba kasorobo ilifika mia tatu sitini na mbili.

Akakaa chini juu ya gogo.

"Ingeungua wiki ya kwanza," akasema, si kwangu wala kwa Haron. Akatoa mchoro wake kwenye mkoba, akauangalia kama picha ya mtu aliyekufa, akaukunja.

"Unaweza kubadilisha leo?" nikamuuliza.

"Kwa siku moja? Tata, huu si uzio wa kuku."

Ijumaa chumba cha jopo kilikuwa na watu watano. Dokta Ruqiya, walimu wengine wawili wanaume, mwenyekiti mzee mwenye miwani, na Angwenyi kwa upande wa kiwanda, suti ya kijivu, amekaa karibu na dirisha. Aliponiona naingia nyuma ya Persis, uso wake haukubadilika, lakini mguu wake ulianza kutikisika chini ya meza. Nilipewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Koti langu lilikuwa la harusi yangu, limebana mabega.

Persis hakusema ile hotuba ya kidole juu. Aliweka ukutani safu mbili za namba. Kushoto, za rejista. Kulia, za jana.

"Mradi wangu ulijengwa juu ya hizi za kushoto," akasema. "Ukweli ni hizi za kulia. Kwa namba hizi, banda nililochora litashika moto. Sipendekezi lijengwe."

Mwalimu mmoja akacheka kwa pua. "Kwa hiyo umekuja kutetea mradi, au kuuzika?"

"Nimekuja na nilichopata, mwalimu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Na hizi za kushoto zilitoka wapi? Nani aliyeziandika?"

Angwenyi alikuwa anaangalia simu yake. Persis hakugeuka kunitazama, na hilo ndilo lililoniinua. Hakutaka kunitaja.

"Mimi," nikasema nikisimama. "Mimi na mwenzangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Geji ilikufa miaka mitatu. Tuliripoti mara nne. Tuliambiwa tuandike tunachoona. Tukaandika. Tukaambiwa namba zimekufa, tuzifanye ziwe hai. Tukazifanya."

"Na nani?"

Nilimnyooshea Angwenyi kidole. Sikuwa nimewahi kumnyooshea mkubwa kidole maishani mwangu.

"Mimi sikumwambia adanganye," akasema Angwenyi haraka. "Hilo halimo popote."

"Ni kweli, hakusema hivyo," nikasema. "Mkono ni wangu. Lakini hakuna siku hata moja aliyopanda ile ngazi ya bomba kuangalia. Wala aliyemtangulia. Mngewauliza na wao, si mimi tu."

"Mzee, kaa," akasema yule mwalimu wa kucheka.

"Aseme," akasema Dokta Ruqiya. "Kwani sisi tulipanda? Mimi nilitia sahihi kitabu chake cha atachimenti. Niliona zile namba majuma kumi na mbili kabla ya kuweka alama ya kuuliza. Nilisimama mbele ya boila ile ile na kofia kichwani. Sikupanda ngazi."

Nilikaa. Sikutegemea mkubwa aseme neno kama hilo, na mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Walitutoa nje wakajadili. Tulisimama kwenye ukumbi, Persis kwa ukuta wa huku, mimi kwa ukuta wa kule. Aliniangalia mara moja, akaja akanifungua kifungo cha koti kilichokuwa kinanikaba, akarudi mahali pake. Dakika ishirini. Nilihesabu vigae vya sakafuni mpaka nikapotea.

Mlango ulipofunguliwa, mwenyekiti alisema hivi. Mradi haujapita. Haujaanguka pia. Apime joto la moshi kwa majuma manne, kila saa, mirija ikiwa na masizi na ikiwa imesafishwa, kisha achore banda upya kwa namba hizo. Atatetea tena Novemba. Mahafali ya mwaka huu hatakuwamo.

"Na kiwanda kitaruhusu," akaongeza Dokta Ruqiya, akimtazama Angwenyi. "Si ndiyo, injinia? Au niwaandikie wakurugenzi mwenyewe?"

"Tutaruhusu," akasema Angwenyi.

Persis alisema asante. Alisema kwa adabu, akakusanya makaratasi yake moja moja. Tulipofika nje kwenye ngazi akalia. Wenzake walikuwa wanapigana picha na vyeti vya kupita, na mmoja akamwita, "Persis, njoo!" Akajifuta akaenda akasimama nao kwenye picha. Niliangalia pembeni.

Jumatatu niliitwa ofisini nikapewa barua ya onyo, mimi na Haron, kwa kuandika taarifa zisizo sahihi. Sahihi chini: Duncan Angwenyi. Yeye hakupewa barua na mtu yeyote, kama mnavyodhani. Na Alhamisi ya juma hilo geji mpya ilifika ndani ya boksi, imefungwa kwa karatasi. Miaka mitatu ilikuwa haipatikani Kenya nzima. Ilipotakiwa kuficha aibu ilipatikana kwa siku sita.

Persis hanisemeshi sana. Anapika, anaweka sahani, anasema, "Tata, chakula." Nimeomba radhi mara mbili. Mara ya pili akasema, "Nimesikia," na hilo nimelishika.

Jana nilikuwa zamu ya asubuhi. Saa tano kuni zilizoletwa zilikuwa mbaya kabisa, bado na majani ya kijani, moto ukazama, nguvu ya mvuke ikashuka, kule juu wakaanza kupiga kengele kwamba majani hayakauki. Nilipanda ngazi. Mshale mpya ulikuwa kwa mia moja na arobaini. Niliukodolea macho. Mtu wa ofisini akisoma hiyo atasema mzee alilala, na nina barua moja tayari, ya pili ni kwenda nyumbani. Kengele ilikuwa inalia. Nilishuka, nikafungua karatasi ya Persis ya vipimo vya majuma manne, yenye safu alizozichora mwenyewe kwa rula.

Haron alichungulia begani pangu.

"Omogaka, andika hata mia mbili. Watatufukuza."

"Waache wapande wenyewe waone kuni walizoleta."

"Hawatapanda."

"Najua," nikasema, nikaandika mia moja na arobaini, na pembeni yake nikaandika sababu: kuni mbichi. Nne haikutoka vizuri, lakini inasomeka.

"Bono, sasa tumekwisha," akasema Haron, akaenda kuchagua kuni.